Unakesha nje kazini? Jifunze kuvaa ili baridi isikudhuru

Miezi ya Juni, Julai na Agosti huwakuta wakazi wa Nairobi na viunga vyake wamejikunyata. Upepo wa kusini-mashariki huleta mawingu mazito kutoka Bahari Hindi, jua hufichika siku kadhaa mfululizo, na usiku joto hushuka hadi digrii 10 au 12 hivi. Sehemu za juu zaidi kama vile Limuru, baridi huzidi hapo.

Kwa mtu anayelala chini ya blanketi mbili, hali hii ni usumbufu tu. Lakini mjini kuna watu wengi ambao usiku ndio mchana wao. Kuna masoja wanaolinda malango na maduka, waendeshaji bodaboda, akina mama wanaofika katika masoko ya jumla saa kumi alfajiri kununua mboga, na manamba wanaoanza kuita abiria kabla jogoo hajawika.

Wengi wao huvaa chochote kilicho karibu na kumwachia Mungu mengine. Matokeo yake ni miguu iliyovimba, mashambulizi ya pumu, na wakati mwingine vifo vya watu waliojifungia na jiko la makaa wakitafuta joto. Madhara haya mengi yanaweza kuepukika, na si lazima uwe na pesa nyingi. Jambo la kwanza ni kuelewa jinsi mwili unavyopoteza joto.

Mwili ni jiko, nguo ni kifuniko

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki na joto la digrii 37 hivi wakati wote. Joto hilo hutokana na chakula, na hutengenezwa zaidi misuli inapofanya kazi. Mtu aliyeketi kimya hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya umeme ya wati 100. Akianza kutembea kwa haraka, joto hilo huongezeka mara tatu au zaidi.

Hii ndiyo sababu soja huumia kuliko mchukuzi wa mizigo ingawa wote wako katika baridi ile ile. Mchukuzi anafanya kazi na jiko lake linawaka. Soja amekaa juu ya kigoda tangu jioni, na jiko lake linafuka tu.

Watu wengi hudhani nguo nzito huleta joto. Sivyo. Ukilifunika jiwe kwa blanketi usiku kucha, asubuhi utalikuta baridi vile vile. Kazi ya nguo ni kuzuia joto la mwili lisitoroke. Kinacholizuia hasa ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi na kati ya nguo moja na nyingine. Kwa sababu hiyo, sweta mbili nyembamba zilizovaliwa pamoja mara nyingi hushinda sweta moja nene, kwa vile kuna hewa katikati yao.

Joto hutoroka kwa njia nne. Kwanza, upepo hupeperusha hewa yenye joto iliyo karibu na ngozi. Pili, huhamia katika kitu baridi unachokigusa, kama vile sakafu ya saruji au kiti cha chuma. Tatu, hutoka mwilini kuelekea anga wazi, hasa usiku usio na mawingu. Nne, huondoka na maji yanayokauka mwilini, yawe ya mvua au ya jasho. Maji ni mwizi mkubwa: hupitisha joto upesi kuliko hewa kwa takriban mara 25. Ukilowa, nguo zako zimepoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Somo kutoka kwa wawindaji

Kuna watu katika nchi za mbali ambao wamelazimika kulitatua tatizo la kukaa kimya ndani ya baridi. Hao ni wawindaji wa upinde na mishale wa Marekani na Kanada. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, lakini kule bado ni halali, na msimu wa kulungu huendelea mpaka siku ambazo maji huganda.

Mshale haufiki mbali kama risasi. Kwa hiyo mwindaji humngoja mnyama asogee karibu, pengine hatua 30 au pungufu. Huketi juu ya mti saa tatu, nne au zaidi bila kujitikisa, maana kulungu akisikia kishindo kidogo hutoroka. Tena hawezi kujifutika koti pana, kwa sababu kamba ya upinde ingenasa katika mkono wa koti hilo. Kila nguo anayovaa lazima iwe imechaguliwa kwa akili.

Kanuni yake ya kwanza huwashangaza wengi: anapotembea kwenda kuwinda huvaa nguo chache. Koti lake zito hulibeba mgongoni. Akifika hupumzika kidogo, hukausha jasho, hubadilisha fulana ya ndani ikiwa imelowa, kisha ndipo huvaa zile nguo nzito. Anajua kwamba jasho la safari likibaki mwilini, baada ya saa moja litageuka kuwa maji baridi yaliyomganda ngozini.

Sasa mfikirie soja anayetembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi Lavington jioni. Amevaa kila kitu alicho nacho: fulana ya pamba, shati, sweta na kabuti. Anafika lango la mwajiri akitokwa na jasho, anaketi, na giza linaingia. Kufikia saa nane usiku anatetemeka, na hulaumu kabuti lake kwamba ni hafifu. Kumbe kabuti halina kosa. Kosa ni ile fulana iliyolowa.

Ukiwa unaenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli, lifungue koti lako au ulitie ndani ya mfuko. Beba fulana kavu na uibadilishe unapofika. Hatua hii moja haina gharama, na itakusaidia kuliko kununua kabuti la pili.

Matabaka matatu

Wataalamu hushauri mtu avae kwa matabaka, kila tabaka likiwa na kazi yake.

Tabaka la kwanza ni lile linalogusa ngozi. Kazi yake ni kuondoa jasho mwilini. Pamba si nzuri hapa, kwani hunywa maji na kukawia kukauka. Afadhali sufu nyembamba au poliesta, kama zile fulana za wanamichezo. Ukienda kununua mitumba Gikomba au Toi, soma kibandiko kilichoshonwa ndani ya nguo ili ujue imetengenezwa kwa nini. Kama una pamba tu, usikate tamaa, ila hakikisha unayo nyingine kavu ya kubadilisha. Usisahau pia miguu: suruali moja peke yake haitoshi. Suruali nyepesi ya kubana ndani ya ile ya kazi hufaa sana.

Tabaka la pili ndilo la kuhifadhi joto. Hapa tumia sweta la sufu au jaketi laini lenye manyoya mafupi. Sufu ina sifa moja nzuri: hata ikipata unyevu kidogo huendelea kuhifadhi joto. Vaa mbili nyembamba ukiweza, ili upunguze au kuongeza kulingana na hali.

Tabaka la tatu ni ngao ya upepo na mvua. Liwe pana kiasi cha kutoyabana yaliyo chini, kwa sababu nguo zikikandamizwa hewa iliyonaswa hutoka. Kabuti la sufu ni zuri, lakini likinyeshewa huwa zito na hukawia kukauka. Lifunike kwa koti la mvua. Chagua lenye zipu au vifungo mbele, ulifungue unapozunguka ua na kulifunga unapoketi. Koti la nailoni lisilopitisha hewa kabisa hukusanya jasho ndani, kwa hiyo usilifunge mpaka shingoni wakati unatembea.

Kwa wenzetu wa bodaboda, upepo ndio adui mkuu. Hata usiku usipokuwa na upepo, pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hujitengenezea wake. Ndiyo maana waendeshaji wengi huvaa jaketi kinyume, mgongo wa jaketi ukiwa kifuani. Ni mbinu ya maana, kwani upepo haupati mwanya wa zipu wa kupenyea. Kinga pia magoti na vidole. Mkono uliokufa ganzi huchelewa kushika breki.

Kichwa, mikono na miguu

Huenda umewahi kusikia kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Hilo si kweli. Kichwa ni takriban sehemu moja kwa kumi ya mwili, na hupoteza joto kwa kiasi kinachokaribia hapo. Hata hivyo, kama sehemu nyingine zote zimefunikwa na kichwa kiko wazi, ndicho kitakachopoteza. Vaa boshori inayofunika masikio, na ujifunge skafu shingoni.

Mikono na miguu huwa ya kwanza kupata baridi kwa sababu maalum. Mwili ukihisi joto linapungua, huibana mishipa ya damu ya vidole ili damu yenye joto ibaki karibu na moyo, mapafu na ubongo. Kwa hiyo vidole vikiwa baridi, tatizo huenda si glavu zako. Pengine kifua na mapaja ndiyo hayakufunikwa vya kutosha. Mwindaji wa upinde huvaa glavu nyembamba ili vidole vivute kamba, kisha huitia mikono ndani ya mfuko mzito anaoufunga kiunoni. Nawe waweza kuitia mikono ndani ya koti, chini ya kwapa.

Viatu huleta makosa mengi. Watu huvaa soksi tatu ndani ya kiatu kinachowatosha kwa soksi moja. Kiatu kikibana, damu haipiti vizuri na mguu huzidi kuwa baridi. Vaa soksi moja nzito ya sufu, au mbili ikiwa kiatu kina nafasi. Vidole viweze kuchezacheza ndani.

Gambuti huzuia maji ya nje, lakini huzuia pia jasho lisitoke. Ukikaa ndani yake saa 12, soksi hulowa hata kama mvua haikunyesha. Beba soksi kavu na uzibadilishe katikati ya usiku, baada ya kuipangusa miguu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, maelfu ya wanajeshi waliharibika miguu kwa kusimama ndani ya mahandaki yenye maji. Ugonjwa huo hauhitaji barafu. Waweza kumpata mtu hata joto likiwa digrii 15, mradi miguu imelowa kwa saa nyingi. Mguu hufa ganzi, hugeuka rangi, huvimba, kisha huuma sana unapoanza kupata joto.

Usiweke miguu moja kwa moja juu ya saruji. Weka vipande viwili vitatu vya katoni chini ya kiti na chini ya viatu. Hata gazeti hili, ukishalisoma na kulikunja mara kadhaa, litafaa kukalia.

Jiko ndani ya kibanda huua

Hapa tunakuomba usome kwa makini. Soja akizidiwa na baridi huleta jiko la makaa ndani ya kibanda, hufunga mlango na dirisha, na kuanza kusinzia. Wengine hawaamki tena.

Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, kwa hiyo huwezi kujua unaivuta. Ikiingia katika damu hushika chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha kwa ubongo na moyo.

Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu bila moshi si salama, ingawa wengi huamini hivyo. Moshi ukiisha, gesi bado ipo. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Mtu huweza kudhaniwa amelewa. Ukiziona, toka nje mara moja, au umtoe mwenzako kwenye hewa safi na umpeleke hospitalini hata kama ameanza kupata nafuu.

Ukitaka kuota moto, ota nje. Jiko lisiingie kibandani, ndani ya gari wala chumba cha kulala.

Pombe, sigara na chakula

Wako wanaoamini kwamba tembo kidogo huleta joto. Ukweli ni kwamba pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto hukimbilia hapo, nawe wahisi umepata joto, kumbe unalimwaga nje. Tena hupunguza uwezo wa mwili kutetemeka na hukuondolea fahamu ya kujua kwamba unadhurika. Sigara nayo huibana mishipa ya vidole na kuvizidishia baridi.

Kinachosaidia ni chakula. Kula vizuri kabla ya kutoka nyumbani: ugali na maharagwe au githeri itakuwekea kuni jikoni kwa muda mrefu. Beba chai au uji ndani ya chupa ya kuhifadhi joto, na kitu cha kutafuna usiku wa manane, kama vile njugu, mandazi au ndizi.

Soja ana bahati moja ambayo mwindaji hana: anaruhusiwa kutembea. Inuka kila baada ya nusu saa, zunguka ua, panda na kushuka ngazi, kunja na kukunjua mikono. Fanya hivyo mpaka uhisi joto, lakini usifike kiwango cha kutoa jasho. Mwajiri wako pia atafurahi kuona ua unakaguliwa.

Je, baridi huleta nimonia?

Mafua na nimonia huletwa na viini, yaani virusi na bakteria. Baridi peke yake haitoshi kumpa mtu ugonjwa huo. Lakini msimu wa baridi watu hujifungia ndani na kufunga madirisha, wakaambukizana kwa urahisi.

Hata hivyo, wapo ambao baridi huwadhuru moja kwa moja. Hewa baridi huweza kuamsha pumu, kwa hiyo mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu na asiiache nyumbani dawa yake ya kuvuta. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha ya damu, jambo linaloutwika moyo kazi zaidi. Mwenye ugonjwa wa selimundu huweza kupatwa na maumivu makali. Naye mwenye kisukari huenda asihisi mguu wake unavyodhurika, wala asijue anauchoma akiuweka karibu na jiko. Watu hawa wazungumze na daktari kabla ya kukubali kazi ya kukesha nje.

Dalili za hatari

Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, maisha yamo hatarini. Si lazima kuwe na barafu: mvua, upepo na nguo zilizolowa zinatosha. Mwanzo mtu hutetemeka sana. Kisha vidole hushindwa kufunga kifungo, maneno huanza kukokoteka, na mwendo huwa wa kupepesuka. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla ilhali bado ni baridi na anasinzia, hiyo ni hatari kubwa.

Mtoe kwenye upepo na mvua. Mvue nguo zilizolowa, mpanguse, na umfunike kwa blanketi kavu pamoja na kichwa. Mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa yu macho na anaweza kumeza. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe, na usimtie katika maji ya moto. Mpeleke hospitalini haraka, naye abebwe kwa utaratibu, kwani moyo uliopoa hudhurika kwa urahisi.

Nawe mwenye lango

Huenda wewe msomaji si soja, bali ndiye unayelindwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya ya wafanyakazi wake, na awape mavazi ya kujikinga wale ambao kazi yao huwafanya walowe. Kabuti, koti la mvua na gambuti si zawadi ya Krismasi.

Kagua kibanda chako leo. Je, paa linavuja? Mlango unaelekea upande wa upepo? Kuna mahali pa kutundika nguo iliyolowa? Mzee anayekufungulia lango saa tano usiku ana kitu chochote cha moto cha kunywa? Gharama ya kurekebisha haya ni ndogo ukilinganisha na bili ya hospitali moja tu.

Kabla ya kutoka kwenda zamu usiku wa leo, tazama ndani ya mfuko wako: fulana kavu, soksi kavu, boshori, glavu, koti la mvua, kipande cha katoni, na chupa ya chai. Vikiwamo vyote, nenda kazini. Na koti lako, kumbuka, livae ukishafika.